Fidla Yangu, Kanda ya Nani?

Mwezi huu naanza kwa kukiri: nilimnunia baba watoto siku nne mfululizo. Chakula nilipika, meza niliandaa, hata "nikuongezee chai?" niliuliza kwa adabu zote, lakini zaidi ya hapo neno halikutoka. Wenye ndoa mnaijua hiyo aina ya kununa.

Chanzo kilikuwa karatasi moja niliyoikuta kwenye gari nikitafuta chaja ya simu. Mkataba wa pango. Chumba na ukumbi mdogo, Sinza, kodi ya miezi sita imeshalipwa. Sahihi ya mume wangu ipo, yangu haipo, na habari zenyewe sina.

Mume wangu ni fundi sauti. Mwaka wa nane huu ameajiriwa kwenye studio ya watu, anarekodi matangazo ya redio, kwaya na bendi. Mwisho wa mwezi ukifika mshahara unaingia, na ada za watoto zinalipika. Kumbe moyoni mwenzangu ana lake. Anataka studio yake, arekodi muziki anaoupenda, na kanda zibaki kuwa zake. Wazo lenyewe si baya, jamani. Kilichoniuma ni kwamba mwenye nyumba wa Sinza alilijua kabla yangu.

Sasa jioni ya siku ya nne, bwana akaweka CD sebuleni, moja ambayo rafiki yake alimletea kutoka Marekani. Fidla. Mimi fidla si mgeni nayo. Bibi yangu alikuwa mtu wa taarab, na fidla ikianza kulia kwenye redio yake mtoto hukohoi. Lakini hii ilikuwa kitu kingine. Zilikuwa fidla mbili zinafukuzana kama watoto uani, moja inapanda, nyingine inaidaka juu kwa juu, mpaka huwezi kujua ipi imeanza na ipi imefuata. Uvumilivu ukanishinda.

"Hao ni nani?" nikauliza. Ndiyo, neno la kwanza baada ya siku nne.

"Mtu na mkewe," akanijibu. "Na kampuni iliyotoa hii CD ni ya huyo mume."

Hapo nikakaa chini. Usiku ule tulizungumza mpaka saa saba, na mwezi huu nataka nikumegee tuliyoyazungumza, kwa sababu najua si nyumba yangu peke yake yenye mkataba umefichwa kwenye gari.

Aliitwa akiwa bado mwanafunzi

Mwanamume huyo ni Gil Shaham. Alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Urbana, jimbo la Illinois, Marekani. Wazazi wake walikuwa wanasayansi, baba akichunguza nyota na mama akichunguza chembe za urithi. Alikulia Israeli, akaanza kujifunza fidla Jerusalem akiwa na miaka saba. Alipofika miaka kumi tayari alikuwa amesimama mbele ya okestra ya simfoni ya mji huo kama mpigaji mkuu. Mwaka 1982 akapata ufadhili wa kusoma Juilliard, shule maarufu ya muziki ya New York, chini ya mwalimu Dorothy DeLay, yule yule aliyemfundisha nguli Itzhak Perlman.

Na Perlman ndiye aliyemfungulia mlango bila kukusudia. Mwaka 1989 Perlman alikuwa apige London na London Symphony Orchestra, akaugua. Wakatafuta mtu wa kuziba pengo. Wakampigia simu Shaham, kijana wa miaka 18 ambaye bado alikuwa anasoma sekondari New York! Akaenda, akapiga konseto za Bruch na Sibelius chini ya Michael Tilson Thomas. (Konseto, kwa wasioizoea, ni utunzi mrefu ambao mpigaji mmoja anazungumza na okestra nzima, na wakati mwingine anabishana nayo.) Aliporudi darasani hakuwa tena mwanafunzi wa kawaida.

Msomaji wangu unayesubiri bahati yako, naomba uone kitu hapo. Simu ilikuja ghafla, lakini konseto hizo hazijifunzi ndani ya ndege. Alikuwa ameshazijua tangu siku nyingi.

Nyumba kubwa yenye jina kubwa

Baada ya hapo kazi zikafuatana. Alirekodi na Deutsche Grammophon ya Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1898 na ambayo lebo yake ya njano kila mpenzi wa muziki huo anaifahamu. Alitoa nao Misimu Minne ya Vivaldi pamoja na Orpheus Chamber Orchestra, na video ya kipande cha majira ya baridi ikawa inaonyeshwa kwenye chaneli ya Marekani ya utabiri wa hali ya hewa. Hebu fikiria, unasubiri kuambiwa kama theluji itaanguka, unakutana na kijana na fidla yake! Alirekodi pia konseto za Barber na Korngold, André Previn akiongoza okestra. Na mwaka 1999 akapata tuzo ya Grammy kwa albamu ya American Scenes, safari hii Previn akiwa kwenye piano.

Kwa lugha ya mtaani, alikuwa ameshatoka. Mimi na wewe tungesema tulia hapo hapo, usiguse kitu.

Mwaka 2004 akaanzisha lebo yake mwenyewe, akaiita Canary Classics. Canary ni yule ndege mdogo wa njano anayesifika kwa kuimba, jamii ya chiriku.

Nikamuuliza mume wangu, "Mtu ana Grammy, ana kampuni kubwa, alikuwa anatafuta nini zaidi?"

Hapo akanifafanulia kitu ambacho, kusema ukweli, miaka minane ya kuishi na fundi sauti sikuwahi kukielewa. Kwenye mkataba wa kawaida wa kampuni kubwa, kampuni ndiyo inayolipa ukumbi, mafundi, okestra na matangazo. Kwa sababu hiyo rekodi mama, ile ambayo nakala zote zinatoka kwake, inabaki kuwa mali ya kampuni. Msanii anapata mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo. Huo si wizi, maana CD ikidoda hasara ni ya kampuni. Lakini aliyelipa ndiye anayechagua. Akisema mwaka huu hatuhitaji utunzi huo, haurekodiwi hata kama wewe unaota nao. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mauzo ya CD yalipoanza kuyumba, kampuni kubwa zilizidi kubana matumizi upande wa muziki wa aina hiyo.

Ukiwa na lebo yako mambo yanageuka. Unachagua utunzi, wa kushirikiana naye, na siku ya kuutoa. Rekodi mama ni yako na watoto wako. Ila na bili ni yako.

Kwani prodyuza anafanya nini?

Hapa kwetu tukisema prodyuza tunamfikiria mtu wa biti. Kwenye muziki wa okestra biti haipo, kila noti imeshaandikwa, pengine miaka 200 iliyopita. Prodyuza anakaa kwenye chumba cha mitambo na karatasi za muziki mbele yake, kalamu mkononi, anasikiliza kila mara wanapopiga. Hapa upinde umekwaruza. Pale mtu amekohoa. Hapa wamewahi kidogo. Rudieni kutoka mstari huu. Baadaye anachagua vipande bora na kuviunganisha mpaka msikilizaji adhani vimepigwa kwa pumzi moja. Anahitajika kwa sababu mpigaji akishazama kwenye muziki, masikio yake mwenyewe humdanganya.

Mwenye lebo yuko juu ya hapo. Yeye ndiye anayeamua kazi ifanyike, na ndiye anayeilipia.

Nikapiga hesabu kichwani, kwani mimi ndiye waziri wa fedha wa nyumba yetu. Okestra kubwa ina watu 80 na zaidi. Kuwakodi siku mbili tatu wakae studio kwa ajili ya CD yako moja, lazima uuze nyumba.

Shaham afanyeje? Tazama mradi wake mmoja. Kwa miaka kadhaa aliziandama konseto za fidla zilizotungwa miaka ya 1930. Lilimvutia swali moja: iweje watunzi wengi hivyo, wa nchi mbalimbali, waandike konseto za fidla katika muongo ule ule ambao dunia ilikuwa inaelekea vitani? Stravinsky mwaka 1931, Berg na Prokofiev mwaka 1935, Barber, Britten na Hartmann mwaka 1939. Alizipiga jukwaani mji mmoja hadi mwingine, na nyingi zikanaswa katika maonyesho hayo hayo, watu wakiwa wamekaa kwenye viti vyao.

Unaona sasa? Okestra imeshafanya mazoezi, ukumbi umeshawashwa taa, tiketi zimeshauzwa. Kurekodi onyesho kuna gharama zake na makubaliano yake, lakini si sawa na kuanza na ukumbi mtupu. Mwaka 2014 lebo yake ikatoa juzuu ya kwanza yenye konseto tano na okestra tano, zikiwemo New York Philharmonic, Boston Symphony na BBC Symphony. Juzuu ya pili ikafuata mwaka 2016 na kuteuliwa kuwania Grammy.

Kwa hiyo Shaham hakuacha kazi ili awe na lebo. Fidla iliendelea kumlisha, na mwaka 2008, miaka minne baada ya kuanzisha lebo, alipewa Avery Fisher Prize, moja ya tuzo kubwa za wapigaji nchini Marekani. Jukwaa ndilo lililoibeba lebo mgongoni.

Nikamtazama baba watoto. "Na wewe barua ya kuacha kazi umeshaandika?"

Kimya. Kumbe ilikuwa kwenye kompyuta, inasubiri tarehe.

Mke si pambo la jalada

Nilitaka kujua na habari za mwanamke. Nyinyi kina dada wenzangu mnanielewa. Tumezoea kusikia "nyuma ya kila mwanamume", halafu jina la huyo wa nyuma hatulisikii.

Adele Anthony alizaliwa Singapore, akakulia Tasmania, Australia. Mwaka 1984, akiwa na miaka 13 tu, alishinda mashindano ya wapigaji vijana ya shirika la utangazaji la Australia, ABC, kwa konseto ya Sibelius. Naye akaenda Juilliard, naye akapita mikononi mwa Dorothy DeLay. Mwaka 1996 akashinda mashindano ya kimataifa ya fidla ya Carl Nielsen kule Denmark. Amerekodi konseto ya Philip Glass kwa lebo ya Naxos, kwa jina lake, bila mume pembeni.

Wawili hao walioana, wakalea watoto watatu New York. Walirekodi pamoja Tabula Rasa ya Arvo Pärt, kazi ya fidla mbili, wakati Gil bado yuko na ile kampuni kubwa. Na ile CD iliyonifungua mdomo ni ya mwaka 2009, tungo za Mhispania Pablo de Sarasate. Kile kipande cha kufukuzana kinaitwa Navarra. Halafu kuna jambo lililonigusa zaidi ya yote. Konseto ya Sibelius, ile aliyoshindia akiwa msichana wa miaka 13, Adele alikuja kuirekodi na Adelaide Symphony Orchestra, na ikatoka kwenye lebo ya nyumbani. Lebo ya mume haikuwa ya kumtukuza mume peke yake.

Ukoo mzima uko kazini, kwa kweli. Mdogo wake Gil, Orli Shaham, ni mpiga piano na wamerekodi pamoja, kuanzia Prokofiev hadi muziki wa Kiyahudi. Mume wa Orli, David Robertson, ni kiongozi wa okestra, na ndiye aliyeongoza konseto tatu kati ya tano za ile juzuu ya kwanza. Kwa hiyo siku ya kazi kuna kaka, kuna shemeji, na nyumbani kuna wifi.

Hapo najua unatikisa kichwa. Biashara na ndugu! Mimi pia nilitikisa. Lakini angalia watu wenyewe. Robertson ameongoza okestra kubwa duniani kabla hata ya kualikwa na shemeji yake. Orli ana jina lake. Adele ana ushindi wake. Hakuna aliyeingizwa kwa sababu amekaa tu nyumbani hana cha kufanya. Ndugu zetu wengi wanatushinda kwenye biashara kwa sababu tunawapa kazi ambayo mgeni asingepewa, halafu tunaona haya kuwakosoa.

Hesabu tuliyopiga

Sasa tusidanganyane. Mume wangu si Gil Shaham. Shaham amepiga kwa miaka mingi fidla aliyoitengeneza Stradivari mwaka 1699, sisi tuna kipaza sauti kimoja kizuri na vingine vya kuazima. Yeye alianza lebo akiwa na jina lililojulikana New York na London. Fundi wetu anajulikana na wanakwaya wa Mwenge. Mtu akikwambia "fulani ameweza, na wewe unaweza", muulize fulani alikuwa na nini mfukoni siku anaanza.

Lakini namna ya kufanya tunaweza kuiga. Kabla ya kulala tukakubaliana haya:

Kwanza, barua ya kuacha kazi ifutwe. Chumba cha Sinza kitafanya kazi jioni na mwisho wa wiki kwa hiyo miezi sita, baada ya kuusoma mkataba wake wa ajira na kuhakikisha unaruhusu.

Pili, fedha za ada ya watoto ziko kwenye akaunti yao na hazijui kama kuna studio.

Tatu, aanze na muziki ambao tayari watu wameufanyia mazoezi. Kuna kwaya imejiandaa miezi mitatu kwa ajili ya tamasha. Asiwaite studio wakaanze kujifunza kwa saa za kulipia. Aende na vifaa vyake tamashani.

Nne, nikauliza swali ambalo naona ndilo lililomaliza ugomvi. "Hizo kanda za kwaya, rekodi mama itakuwa ya nani?"

"Yangu," akasema haraka. "Si mimi ndiye ninayelipa?"

"Na wao walioimba?"

Akanyamaza muda mrefu. Miaka minane amelalamika kwamba anakesha na kazi, halafu jina linaloandikwa ni la wengine. Sasa yeye ndiye tajiri, hata siku ya kwanza haijafika, na tayari anazungumza kama tajiri wake. Akacheka mwenyewe, kicheko cha aibu. Tukaandika kwenye karatasi: kwaya wanachangia gharama nusu, rekodi ni ya pande zote mbili, na mauzo yanagawanywa nusu kwa nusu baada ya kurudisha kilichotumika.

Tano, hakuna sahihi moja tena kwenye nyumba hii.

Nisikufiche, bado nina hofu. Miezi sita si mingi, na kwaya zenyewe kulipa mpaka uwakumbushe. Inawezekana mwisho wake tukarudisha funguo za Sinza na kubaki na mshahara wetu, na hapo nitajitahidi nisiseme "si nilikwambia". Shaham mwenyewe hakukimbilia kila kitu. Tungo za Bach za fidla pekee, ambazo kila mpiga fidla anaziota, aliziogopa jukwaani kwa miaka, na rekodi yake ilitoka mwaka 2015, lebo ikiwa na zaidi ya miaka kumi. Mwenye kanda yake hana wa kumharakisha.

Na wewe unayesoma ukiwa na mpango wako wa siri, iwe saluni, shamba la Kibaha au duka la mtandaoni: mwambie mwenzako kabla hujamwambia mwenye nyumba. Anaweza kukataa. Anaweza pia kukuuliza swali ambalo litakuokoa. Na wewe uliyekuta karatasi kwenye gari, nuna, ni haki yako. Lakini siku nne ni nyingi, mbili zinatosha.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Sinza wote. Mwenye nyumba, mzee mmoja mcheshi, akanitazama akasema, "Kumbe bwana ana mke!" Nikamwambia ana mke na mke ana kalamu. Nikatia sahihi yangu chini ya ya mume wangu, tukafungua madirisha, tukaanza kufagia.

Haya, wapendwa, tuandikie ya kwenu. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.